Mngoni Aliyekimbia na Redio ya Mjomba

Shule yangu mimi iliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Nina daftari la zamani nililokuwa nikiandika mambo ya nyumbani, lakini mchwa wamelila pembeni, na hata kurasa zilizopona mwandiko wake unanishinda mwenyewe. Mengi basi yanatoka kichwani. Ila hili la redio halihitaji daftari. Hili hata uniamshe usingizini nitakusimulia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba imeingia, maduka ya Nangurukuru, huku kwetu Kilwa, yameanza kuuza sabuni za kunukia na kanga za kuchagua, na wanunuzi wa korosho wenye malori yao wanafika hadi vijijini. Kijiji chetu kiko ndani, unaiacha barabara ya Pande unaingia mashambani. Sisi ni Wamachinga. Siku hizi ukisema Mmachinga watu wanadhani unatembeza bidhaa mabegani mjini, lakini kwetu lilikuwa ni kabila tu, watu wa muhogo na mikorosho.

Mwaka huo nilikuwa naposwa. Mwanamume mwenyewe alikuwa fundi baiskeli pale Nangurukuru, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi, nami nilimtaka, sitaficha. Wazee wake walikwisha kuja kwetu mara mbili na mara zote mbili wakaondoka bila jibu. Baba yangu alikuwa amefariki, na baba mdogo aliyeko Lindi alishakubali. Lakini kwetu hilo halitoshi. Mjomba, kaka wa mama, asipokaa mkekani na kutamka kwa kinywa chake, hakuna posa iliyopokelewa. Na mjomba wangu alikuwa haukanyagi ua wa mama yangu.

Nisimwonee mjomba, nieleze alichokasirikia. Yeye alikuwa mtu wa chama cha ushirika tangu ujana wake. Aliapa mbele ya watu kwamba korosho za ukoo wetu zitapita chamani, zote. Mama akauza za kwake kwa mwenye lori, maana chama kilikuwa kinachelewesha malipo na sisi nyumbani tulikuwa hatuna hata mafuta ya taa. Mjomba akaona amevuliwa nguo mbele ya wanachama wenzake. Mama naye akaona kaka yake anajali mizani ya chama kuliko watoto wa dada yake. Baadaye ikaja kusemwa kwamba mizani ya yule mwenye lori ilikuwa na mchezo. Kwa hiyo mjomba alikuwa na haki yake, na mama alikuwa na yake, na mimi katikati nikawa sina mume.

Wazee wa mchumba wakatuma neno: watakuja mara moja tena, korosho zikishaanza kuanguka. Wasipojibiwa, wataelewa kwamba wamekataliwa kwa adabu, nao watampeleka kijana wao kwingine.

Korosho zilipoanza kuanguka, wa kwanza kufika hawakuwa washenga. Walifika wanafunzi.

Walikuwa wanne, wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, wameshushwa na gari wakagawanywa majumbani kama nyama ya sadaka. Kwetu akaangukia msichana mrefu, amevaa suruali ameifunika kwa kanga mpya ambayo bado ngumu ya dukani. Kazi yao ilikuwa kukaa na sisi na kujifunza maisha ya kijijini. Tulimpa kitanda changu, nami nikalala na mama.

Alikuwa na maswali, yule! Siku ya kwanza tu, kalamu mkononi, akamuuliza mama, "Mama, maji mnachota umbali gani?"

Mama akamtazama, akamkabidhi ndoo. "Twende ukapime mwenyewe."

Akaenda. Alirudi nusu ya ndoo ikiwa mgongoni mwake na nusu njiani, watoto wanamfuata wanashangilia kila anapoyumba, na yeye mwenyewe anacheka. Hapo nikampenda. Halafu jioni, akiwa anachambua kisamvu nasi, akauliza kwa heshima kabisa, "Samahani mama, nimeambiwa ninyi ni Wamachinga. Sasa mbona sijaona mnachouza?"

Mama aliweka ungo chini ili acheke vizuri.

Kosa lingine alilifanya chini ya mkorosho. Aliokota korosho mbichi, akaona ganda laini, akaling'ata kwa meno kama anavyong'ata karanga. Mtoto wa kwetu hawezi kufanya hivyo hata awe na njaa namna gani, maana yale mafuta ya ganda yanaunguza. Midomo ilimvimba ikawa kama maandazi. Tukampaka mafuta ya nazi, akanywa uji kwa kijiko kidogo, na hata hapo anataka kuuliza maswali lakini maneno hayatoki. Mama akasema huo ndio uliokuwa muda wa kwanza nyumba kuwa na utulivu. Mimi niliona amezidisha, mgeni alikuwa anaumia kweli.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Tulikuwa na jirani, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Siku moja midomo ya mgeni wetu ikiwa imeshapona, jirani akatukuta uani akamuuliza, "Mwanangu, na wewe kabila gani?"

Mgeni akajibu kama walivyofundishwa, "Mimi Mtanzania, mama."

"Watanzania sisi sote. Nakuuliza babu yako kazikwa wapi?"

"Songea. Sisi ni Wangoni."

Jirani alitupa ndoo yake chini. "Magwangwara!" akapiga ukelele. Hilo ndilo jina ambalo wazee wetu waliwaita Wangoni wa zamani waliokuja kutuvamia. "Magwangwara wameingia! Ficheni kuku! Ficheni watoto! Mla panya mkubwa huyu hapa, na mama yenu anamlisha!" Akamvuta kanga mpya kiunoni, akakimbia nayo huku akicheka, akamwacha msichana wa watu kasimama na suruali yake.

Sisi tukacheka. Yeye akalia.

Hakulia kidogo. Aliingia ndani akaanza kukunja nguo kwenye begi, akisema ametukanwa kabila lake na kuporwa mchana kweupe, na watu wanacheka. Nilijaribu kumweleza lakini mimi nikitaka kueleza jambo la haraka maneno hunipanda yote pamoja. Akanipita, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushitaki. Nikamfuata.

Mwenyekiti alikuwa ofisini kwake anakula mihogo ya kuchoma. Akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho, uso umekunjamana. Kisha akamuuliza, "Umesema Mngoni?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Basi toka ofisini kwangu! Babu zako walimchukulia babu yangu mbuzi wote, na wewe unakuja kushitaki kanga moja? Rudisha mbuzi kwanza!" Akamkazia macho, halafu akashindwa kujizuia, mihogo ikamtoka mdomoni kwa kicheko. "Mtani wangu, karibu sana. Kaa. Kula. Hii mihogo sasa ni yako, nikikunyima nimekosa."

Pale ndipo alipoelewa kwamba kuna kitu asichokijua.

Usiku ule hakuuliza umbali wala idadi. Alimuuliza mama utani ni nini. Mama akamweleza kwamba zamani babu zao walikuja huku kwa mikuki wakateka na kuchoma, na kwamba watu waliotendana hivyo wangeweza kuchukiana mpaka leo, lakini badala yake wakawa watani. Mtani wako anakutukana na wewe unamtukana. Anakuchukulia kitu chako mchana, na ukikitaka unamfuata mkaelewane. Ukifiwa anakuja kukuchekesha msibani. Lile ambalo ndugu hathubutu kukuambia, mtani anakwambia.

"Na ukikasirika?" akauliza.

"Mtani hakasiriki. Akikasirika ndiye aliyeshindwa, na watu wote watajua."

Akasema baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, wamehamahama tangu yeye mdogo, Tabora, Dodoma, Moshi, na hakuna aliyemwambia kwamba ana watani huku pwani. "Nimesoma miaka yote hii," akasema, "sikujua kuna watu Kilwa wananidai mbuzi." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa kwamba ana ndugu asiowajua. Sijui kama naipamba. Lakini nakumbuka alicheka peke yake gizani kitandani kwangu, mimi nikamsikia kutoka chumba cha mama.

Asubuhi, tukitwanga, ananipokea mchi nami nampokea, nikamsimulia yote ya mjomba na posa yangu, naye akaniuliza, "Shoga, na yule mjomba wako, naye ni mtani wangu?"

"Naye. Wote."

Mchi wake ukabaki juu. "Washenga wanakuja lini?"

Nikamwambia ni Ijumaa, baada ya sala. Akatwanga. Kisha akasema, "Basi Ijumaa mimi nitampora mjomba wako."

Nilimkataza, nataka hilo lijulikane. Nilimwambia mjomba si mtu wa mchezo. Mama naye, nilipomwambia, alisema tumwache mzee wa watu na hasira zake. Lakini alisema bila nguvu, na Alhamisi jioni nikamwona anafagia ua mpaka kwenye kijia cha mjomba, mahali ambapo hakupafagia tangu ugomvi.

Mpango ulikuwa ni kofia. Kofia ya mjomba ni kitu kidogo, inachukulika, na mwanamume wa heshima hawezi kukaa kichwa wazi siku ya Ijumaa, atakuja kuifuata tu. Washenga walipofika, wazee wawili wenye kanzu safi, mama akawakaribisha mkekani, akawapa maji, akaanza kuwauliza habari za njiani kwa mara ya pili na ya tatu ili siku isogee. Sisi wawili tukatoka kwa nyuma. Mimi nikabaki kwenye jiko la jirani yule mwenye sauti, nachungulia mlangoni. Yeye akaenda moja kwa moja barazani kwa mjomba, akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule mwanafunzi wa kwa... wa kule?" Alikuwa hata jina la nyumba yetu halitamki.

Hapo nikaona balaa. Mjomba alikuwa kichwa wazi. Kofia imefuliwa, imevishwa bakuli, imeanikwa juu ya paa la jiko lake, haifikiki bila ngazi. Nikamfanyia mwenzangu ishara ya mkono: basi, rudi. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye redio.

Sijui niielezeje redio ile kwa vijana wa sasa wenye simu. Mjomba aliinunua kwa korosho za msimu mzima. Aliivalisha mfuko wa kitambaa aliomshonesha fundi, wenye kifuniko cha vifungo. Betri zake alizianika juani ili zizidi kudumu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa hata mkonga wake wa kudakia mawimbi. Pale ilikuwa kando ya kiti chake, inasoma salamu za wasikilizaji.

Akainyakua. Akasema kwa sauti, "Mtani, mimi Mngoni! Nimekuja kumalizia kilichobaki!" Akakimbia.

Mjomba alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. "Mwizi!" akapiga kelele. "Mwi..."

Nikafumba macho. Kama angemaliza neno lile, vijana wangetoka na magongo, na ingekuwa kesi, na mimi ndoa yangu ingekwisha pale pale. Jirani alinipita mbio akatoka nje ya jiko, mwiko mkononi, na ile sauti yake ikatua juu ya kijiji chote:

"Mjomba! Umekasirika?"

Watu wameshatoka mabarazani. Mjomba amesimama mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Nilimwona anatafuta la kufanya, uso wake unakwenda huku na huku. Mpaka leo naamini angeweza kuchagua vingine.

"Nani kakasirika?" akasema. Kisha akajaza kifua. "Magwangwara! Wameingia! Wamechukua redio! Mshikeni mla panya!"

Basi hapo kijiji kilipasuka. Vigelegele, watoto, kuku wanaruka, mbwa hawajui wamfuate nani. Mwenzangu amefunga kiunoni ile kanga, alishaikomboa kwa jirani, anapita nyuma ya nyumba, na huwezi kumwona lakini unamsikia, maana redio ilikuwa bado inasema: mara nyuma ya msikiti, salamu ziwafikie wote wa Tandahimba, mara kwenye mihogo, na waambieni sisi huku wazima. Mjomba anafuata sauti ya redio yake, kandambili moja, anatukana kwa Kimachinga matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kwake. Na alikuwa anacheka. Nilimwona kwa macho yangu anacheka na hataki ionekane.

Mwenzangu akaingia ua wetu. Akaiweka redio katikati ya mkeka, mbele ya washenga, akakaa kando yake akihema. Wazee wa watu wakajivuta nyuma kidogo.

Mjomba akafika kwenye mlango wa ua, wa makuti, akasimama. Kile kicheko kikamwisha. Mbele yake ni ule mchanga uliofagiliwa, na ng'ambo yake mama, ambaye alikuwa amesimama na birika.

"Mtani," mjomba akasema kwa sauti ya chini. "Leta redio."

"Njoo uichukue, mjomba."

"Nimesema lete."

"Mimi nimechoka. Wangoni tukishapora tunapumzika."

Watu walikuwa wamejipanga nje ya ua, wananyoosha shingo. Mjomba hakusogea. Mimi nilikuwa nyuma yake, naona kisigino chake kisicho na kandambili kimejaa vumbi, nasema moyoni, hatua moja tu, mjomba. Hatua moja.

Na hapo redio ikaanza kufifia. Ile sauti ya salamu ikawa inazama, inarudi, inazama, kama mtu anayeongea huku anasinzia.

"Izime!" mjomba akasema. "Mtani, izime, unamaliza betri!"

"Sijui kuizima, mjomba."

"Kitufe cha pembeni!"

"Cha pembeni kipi? Mimi mtu wa porini, sijawahi kuona redio." Naye alikuwa anasoma chuo Dar es Salaam! Akabonyeza kitu, redio ikapiga mluzi. Akabonyeza kingine, sauti ikapanda juu mpaka mshenga mmoja akaziba masikio.

"Usiguse! Usiguse kabisa! Toa mkono!" Na mjomba akawa ameshaingia. Alivuka ule mchanga kwa hatua kubwa kubwa, akapiga goti mkekani, akaizima. Akaifungua nyuma, akatoa betri moja moja, akazipangusa kwa shati, akazitia mfukoni. Alipoinua uso akawaona washenga. Akamwona mama.

Nilidhani atainuka.

"Dada," akasema mjomba, "wageni wamekaa tangu lini na hujanipelekea habari?"

Mama akamimina chai. Nyingine ikaenda kwenye sahani. "Nimekupelekea Mngoni," akasema.

Mjomba akaipokea, akainywa, akasema haina sukari. Kwa mara ya kwanza tangu zile korosho, akamlalamikia kitu ambacho mama angeweza kukirekebisha pale pale. Mama akaenda kuleta sukari. Mjomba akakunja miguu, akausukuma ule mguu wa peku chini ya kanzu ya mshenga aliyekaa kando yake ili usionekane, akawageukia washenga. "Haya," akasema. "Redio imelala. Semeni."

Wakasema. Akajibu. Mimi sikuruhusiwa kukaa pale, nilisikia kwa nyuma ya makuti, mwanafunzi wetu amenishika mkono na ameubana mpaka vidole vikafa ganzi.

La korosho halikuisha siku hiyo, nisidanganye. Waliendelea kubishana chama na lori kwa miaka, ila walibishana wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

Wanafunzi walipoondoka tuliwasindikiza hadi Nangurukuru. Mchumba wangu alikuwepo na kopo lake la gundi, akajifanya ana kazi nyingi. Nilimuuliza mwenzangu amejifunza nini kwetu, maana chuoni watamuuliza. Akasema maswali waliyopewa yalihusu maji na majembe na vyoo, ameyajibu yote, ila hakuna lililouliza watu wa hapa wanamkasirikia nani na wanapatanaje. "Hilo nitalijibu wapi?" akaniuliza. Nimeliandika hapa, labda si mahali pake.

Basi likapiga honi. Mjomba, aliyekuja kwa baiskeli na wote tukidhani amekuja kuaga, akainama kana kwamba anaokota kitu, akamvua mwenzangu raba moja ya mguuni, akaikumbatia.

"Mjomba! Kiatu changu!"

"Mtani, umekasirika?"

Msichana akaanza kucheka, kondakta anamvuta apande.

"Njoo ukichukue harusini," mjomba akamwambia, na basi likaondoka naye, mguu mmoja wa soksi.

Na alikuja. Siku ya harusi yangu mjomba alikaa barazani tangu asubuhi na kanzu mpya, raba ile imening'inizwa kwenye msumari juu ya kichwa chake kila mtu aione, na redio iko mapajani, imefungwa kwa kamba ya katani mpaka kwenye kifundo cha mkono wake.